Ndege kongwe za propela na ajali za kutua: maswali ambayo abiria wa Nairobi huuliza kila mara

Kila ndege ya propela inapoacha njia ya kurukia na kutua au kulalia tumbo, maswali huwa ni yale yale, hasa kwa wanaopitia uwanja wa Wilson kwenda Lodwar, Lamu, Wajir au Mogadishu. Tumeyapanga kuanzia ya msingi. Kama una safari leo jioni na unataka tu kujua la kufanya ukiwa kwenye kiti, anzia swali la 12.

## Mambo ya msingi

1. Ndege kongwe ya propela ni ipi hasa?

Nairobi jina hilo kwa kawaida huangukia Fokker 50, Dash 8 za mwanzo na ATR 42 za kwanza. Fokker 50 ilianza kazi 1987, na kiwanda chake cha Uholanzi kikafilisika Machi 1996, kwa hiyo hata ile changa kabisa sasa ina takriban miaka 30. Dash 8 ilianza kubeba abiria 1984, ATR 42 mwaka uliofuata. Kabla yao kulikuwa na Fokker 27, iliyoruka mara ya kwanza 1955, na DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935.

Injini za Fokker 50, Dash 8 na ATR si za pistoni kama za gari. Ni tabo zinazochoma mafuta ya taa ya ndege, ila nguvu yake huenda kuzungusha propela. DC-3 za asili ndizo zenye pistoni.

2. Ndege ikitua kwa kishindo, hiyo ni ajali?

Mara nyingi si ajali. Kwa kanuni za kimataifa, tukio huitwa ajali mtu akifa au akiumia vibaya, au mwili wa ndege ukiharibika kiasi cha kuhitaji matengenezo makubwa, kati ya wakati abiria wa kwanza anapanda na wa mwisho anashuka. Kuumia vibaya ni, kwa mfano, kulazwa hospitalini zaidi ya saa 48. Tairi kupasuka peke yake haihesabiwi.

Kishindo chenyewe si dalili ya rubani mbovu. Njia ikiwa fupi au imelowa, rubani huyakita magurudumu chini makusudi ili breki zianze kazi mapema. Kutua kwa ulaini huku mita zinaisha ndiko kwa kutia wasiwasi. Tazama swali la 5.

3. Je, ni uzee wa ndege ndio unaoiangusha?

Umri wa kalenda hausemi mengi. Mafundi huhesabu saa za kuruka na, muhimu zaidi kwa magurudumu, idadi ya mara ndege imetua. Ndege ya safari fupi inaweza kutua mara sita kwa siku, wakati ndege kubwa ya kwenda London hutua mara mbili. Kila kutua kunapinda chuma kidogo na kukiachilia, na nyufa huanzia hapo.

Mfano wa wazi ni Dash 8 Q400 iliyotua Aalborg, Denmark, tarehe 9 Septemba 2007. Ilikuwa na miaka kama saba tu. Mguu wa kulia wa magurudumu ulikunjika kwa sababu kutu ilikuwa imekula nyuzi za skrubu ndani ya kifaa cha haidroliki kinachousukuma. Siku tatu baadaye ndege nyingine ya aina hiyo ikapatwa na jambo hilo hilo Vilnius. Ndege ya miaka 30 ambayo miguu yake imefunguliwa, ikapimwa nyufa na kufungwa upya kwa wakati ni salama kuliko changa ambayo kutu yake hakuna aliyeichungulia.

Hata hivyo uzee una gharama zake za kweli. Vipuri vya ndege isiyotengenezwa tena ni adimu, na mara nyingi hutolewa kwenye ndege zilizoegeshwa. Kipuri cha namna hiyo kisipokuja na karatasi za historia yake, fundi hajui kimeshatua mara ngapi. Karatasi hizo ni sehemu ya kipuri chenyewe, na fundi mwenye msimamo hukikataa kisipokuwa nazo.

4. Ile Fokker 50 iliyotoka nje ya njia pale Wilson Oktoba 2019 ilikuwa inatua?

Hapana, ilikuwa inaondoka kuelekea Pwani ikiwa na watu 55. Watu huichanganya na tukio la Dash 8 la mwezi huo huo, iliyodondosha gurudumu moja baada ya kuondoka Lodwar na kwenda kutua Eldoret bila mtu kuumia. Kila mguu mkuu wa Dash 8 una magurudumu mawili, na lile lililobaki lilibeba mzigo.

## Mwinuko, njia na mvua

5. Kwa nini mwinuko wa Nairobi hutajwa kila mara?

Kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa wa Nairobi, karibu mita 1,625. Adhuhuri ya nyuzijoto 25, hewa ya Wilson ina wepesi wa mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi katika hali ya kawaida ya vitabu.

Kipima mwendo cha ndege hupima msukumo wa hewa, hakipimi jinsi ardhi inavyopita chini. Rubani anayekuja na kilomita 185 kwa saa kwenye kipimo atagusa lami ya Mombasa kwa karibu mwendo huo huo, lakini Wilson adhuhuri hiyo, bila upepo, atagusa kwa karibu 209. Mwendo umepanda asilimia 13, ila nguvu ambayo breki lazima ziimalize hupanda kwa mraba wa mwendo, yaani karibu asilimia 27. Tairi na breki ni zile zile.

Sasa ongeza makosa madogo. Ndege inatakiwa kuvuka mwanzo wa njia ikiwa juu kwa mita 15. Ikivuka kwa mita 30 kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu, karibu mita 290 za lami zimeliwa kabla haijagusa. Rubani akiielea sekunde mbili akitafuta ulaini, nyingine kama 115 zimekwenda. Akija na mwendo uliozidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama hurefuka kwa karibu asilimia 21. Hakuna hata moja kati ya haya inayotisha ikiwa peke yake. Yakikutana ndipo ndege inaonekana kwenye picha ikiwa vichakani.

6. Njia za Wilson ni fupi mno?

Zote mbili zina urefu wa karibu mita 1,500, huku ile moja ya JKIA ikipita kilomita 4. Ndege za propela zilibuniwa kwa viwanja vya namna hii. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinataka ndege ya tabo yenye propela iweze kusimama ndani ya asilimia 70 ya njia iliyopo, na njia ikilowa hesabu inaongezwa asilimia 15. Kwa njia ya mita 1,500, maana yake ni kusimama ndani ya mita 1,050 kwenye hesabu kavu. Inawezekana, mradi uzani ulioandikwa ndio uzani uliopakiwa. Mzigo wa ziada ulioingizwa dakika ya mwisho bila kupimwa huharibu hesabu yote, na rubani hana namna ya kuuona akiwa mbele.

7. Mvua za Machi hadi Mei zinabadilisha nini?

Maji yakituama kwenye lami, tairi linaweza kupanda juu yake na kuacha kugusa njia kabisa. Kanuni ya mafundi ni hii: chukua upepo wa tairi kwa pauni, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, nawe unapata mwendo kwa maili za baharini kwa saa. Tairi la pauni 81 linaweza kuanza kuelea kwenye 81, yaani kilomita 150 kwa saa. Ukilinganisha na ile 209 ya swali la 5, utaona kwamba sehemu kubwa ya kasi inaweza kupita kabla breki hazijashika kitu. Tairi lenye upepo pungufu huelea kwa mwendo mdogo zaidi, na ndiyo maana fundi hulipima kila siku kwa geji na haridhiki kulitazama kwa macho.

8. Rubani akighairi kutua na kupaa tena, kuna kitu kimeharibika?

Pengine hakuna. Huenda kuna ndege nyingine kwenye njia, upepo umegeuka, mawingu ya chini ya asubuhi za Julai hayajaachia, au kundi la korongo limekatiza. Huenda pia ameona mita zinaliwa. Huo ni uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake, na haifai abiria kumzomea.

## Kinachoharibika na kwa nini

9. Mguu wa gurudumu hukunjika vipi ukiwa chini?

Mguu wa ndege umeungwa kama mguu wa mtu: una goti. Ukishuka, viungo vya pembeni hunyooka hadi vinapita kidogo mstari ulionyooka, halafu kufuli ya springi inavishika hapo. Goti likishapita mstari, uzito wa ndege unazidi kulikaza. Likibaki nyuma ya mstari hata kwa kidogo tu, uzito ule ule unalikunja.

Hivyo maswali ya fundi ni machache: goti lilipita mstari? kufuli ilishika? pini na bushi zimelika kiasi gani? Bushi iliyolika pia huleta mtetemo, gurudumu likicheza kushoto na kulia kama la mkokoteni uliolegea ekseli. Mtetemo ukiachwa hukata viungo vya mkasi vinavyoliweka gurudumu sawa. Abiria huusikia miguuni, mngurumo wa haraka unaopanda sakafuni mara tu ndege inapogusa. Ukiusikia, mwambie mhudumu unaposhuka. Ni habari anayoihitaji fundi.

10. Taa ya magurudumu isipowaka, nini hufanyika?

Rubani anatakiwa kuona taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Moja ikikosekana, kwanza huthibitisha kwamba si balbu, au kihisi kilichojaa matope ya uwanja wa murram. Kisha huusimamisha mshuko, hupaa hadi mahali pa usalama na kusoma orodha ya dharura neno kwa neno.

Kwenye Dash 8 kuna kifuniko darini mwa chumba cha marubani na kingine sakafuni. Mpini wa juu huachilia kufuli za miguu mikuu ianguke kwa uzito wake na kwa upepo, wa chini huachilia mguu wa mbele, na pampu ya mkono humalizia kuisukuma hadi ijifunge. Baadaye ndege inaweza kupita chini karibu na mnara ili waongozaji waitazame kwa darubini. Wao wanaweza kusema mguu umeshuka. Hawawezi kusema umejifunga.

Ndege hizi hazina mfumo wa kumwaga mafuta hewani. Ndiyo maana mnazunguka saa nzima juu ya Athi River: mafuta yanachomwa ili ndege iwe nyepesi na kisibaki kingi cha kuwaka.

11. Propela husimamisha ndege namna gani, na hatari yake ni nini?

Pembe ya mapanga ya propela hubadilika. Magurudumu yakishagusa, rubani huvuta mkono wa nguvu kupita kizuizi, mapanga yanalala bapa na kuizuia ndege kama sahani pana inayosukumwa dhidi ya upepo. Akivuta zaidi, yanasukuma hewa mbele. Propela moja ikikubali na ya pili ikagoma, ndege huvutwa upande mmoja kwa nguvu, na hapo hutoka njiani pembeni hata kama mita zilikuwa zimebaki nyingi.

Hatari kubwa ni hali hiyo kutokea hewani. Tarehe 6 Novemba 2002, Fokker 50 iliyokuwa ikikaribia Luxembourg ilianguka na watu 20 kati ya 22 wakafa. Kizuizi cha kwanza ni cha mkono, rubani lazima akinyanyue kwa vidole. Cha pili ni cha umeme, na hakipaswi kufunguka hewani. Lakini magurudumu yalipokuwa yanashuka, kisanduku cha breki za kuzuia kuteleza kilitoa ishara ya uongo, kizuizi cha pili kikafunguka kwa sekunde 16, na katika sekunde hizo mikono ya nguvu ilikuwa imevutwa kupita cha kwanza. Marekebisho ya kisanduku hicho yalikuwa yameshapendekezwa miaka kadhaa nyuma, ila hayakulazimishwa. Tunalitaja hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kwamba swali la maana kuhusu ndege kongwe ni hili: mapendekezo ya kiwanda, hata yasiyo ya lazima, yametekelezwa mangapi?

## Ukiwa ndani ya kabini

12. Nikae wapi, na kwa nini wahudumu huwahamisha watu wa dirishani?

Kabla ya kutua kwa dharura, wahudumu mara nyingi huondoa abiria kwenye safu zilizo sambamba na propela. Mguu ukikunjika, mapanga yanagonga lami yakizunguka kwa kasi na vipande hurushwa. Edmonton, Kanada, Novemba 2014, mguu wa kulia wa Q400 ulikunjika wakati wa kutua na kipande cha panga kikapenya hadi ndani ya kabini na kumjeruhi abiria. Ukiambiwa uhame, hama mara moja na uache mkoba.

Kwa safari ya kawaida, kaa karibu na mlango kadiri tiketi inavyokuruhusu, kisha hesabu safu hadi kwenye milango miwili iliyo karibu nawe. Gusa migongo ya viti ukihesabu. Kwenye moshi mkono ndio utakaokuongoza.

13. Nijikinge vipi ndege inapokaribia kugusa?

Mkanda uwe chini kabisa, kwenye mifupa ya nyonga, umekazwa hadi ubane. Ukikaa tumboni unaumiza viungo vya ndani. Nyayo zote ziwe sakafuni, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Inama, kichwa kiegemee kiti cha mbele. Kama hakifikii, kilaze magotini. Mikono iwe juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, bila kufumana vidole. Vua viatu vya kisigino kirefu lakini usibaki pekupeku, maana nje kuna vyuma na mafuta. Kaa hivyo hadi ndege isimame kabisa, kwani mgongano wa pili huja mara nyingi baada ya watu kudhani yameisha.

14. Mbona ndege hizi hazina ile slaidi ya kujaza upepo?

Slaidi hutakiwa pale kizingiti cha mlango kinapozidi mita 1.83 kutoka chini. Milango ya Fokker 50 na Dash 8 iko chini ya hapo, kwa hiyo unakaa kizingitini na kujiachia. Ndege zenye viti zaidi ya 44 hutakiwa kuthibitisha kwamba zinaweza kumwagwa watu wote kwa sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu anayeshusha begi lake juu. Ukishafika chini, epuka propela hata kama imeonekana kusimama, nenda upande upepo unakotoka, usogee angalau mita 100.

15. Ndege ikipinduka?

Hutokea, na watu hutoka hai. Tarehe 18 Julai 2022 Fokker 50 kutoka Baidoa ilipinduka ikitua Mogadishu na kushika moto. Wote 36 waliokuwamo walipona. Ukijikuta umening'inia kichwa chini, usifungue mkanda kwanza. Kandamiza dari kwa mkono mmoja, kaza miguu kwenye kiti cha mbele, ndipo ufungue kwa mkono wa pili. Wanaofungua kwa pupa huanguka kwa shingo. Kumbuka pia kwamba mpini wa mlango ambao kwenye kadi ya usalama ulionekana ukinyanyuliwa juu, sasa unasukumwa chini.

## Baada ya ajali

16. Zimamoto wanatakiwa kufika kwa muda gani?

Kiwango cha kimataifa ni kutozidi dakika tatu hadi sehemu yoyote ya njia, lengo likiwa mbili. Viwanja vingi vya vumbi vinavyohudumiwa kutoka Wilson havina gari la zimamoto kabisa. Huko, msaada wa kwanza ni jirani yako wa kiti, hivyo zingatia swali la 13 na la 14.

17. Nani huchunguza, na ripoti hutoka lini?

Nchini Kenya ni idara ya kuchunguza ajali za ndege iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Nchi ilikosajiliwa ndege na zilikobuniwa na kutengenezwa nazo huleta wawakilishi. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ikichelewa, hutolewa taarifa kila mwaka ajali inapotimiza tarehe yake. Lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Kumtafuta wa kulaumiwa ni kazi ya mahakama. Usiokote kipande chochote cha ndege hata kama kimeangukia shambani kwako. Piga picha ukiwa mbali na umwite polisi.

18. Kisanduku cheusi kitaeleza kila kitu?

Kina rangi ya machungwa, na kwa kawaida ni viwili: cha data, kinachohifadhi saa 25, na cha sauti. Cha sauti cha mtindo wa zamani huhifadhi dakika 30 tu na kujirekodi juu yake. Ndege ikiacha njia, watu wakatoka, lakini umeme ukabaki unawaka kwa nusu saa, mazungumzo ya kutua yanafutika. Fundi anayejua hukata swichi yake mapema.

19. Nimetoka bila jeraha. Niende hospitali?

Nenda siku hiyo hiyo. Mshtuko wa kutoka chini kwenda juu hubana pingili za mgongo, na maumivu yanaweza kuchelewa hadi kesho yake. Mweleze daktari kwamba ulikuwa kwenye ndege iliyotua vibaya ili apige picha ya mgongo, kisha hifadhi kila karatasi na risiti.

20. Nidai fidia vipi?

Kwa safari ya kimataifa inayotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, shirika la ndege huwajibika kwa jeraha au kifo bila wewe kuthibitisha kosa lake, hadi SDR 151,880 kwa kila abiria tangu 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Begi lililoharibika lidaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21. Kwa safari ya ndani ya nchi, soma masharti ya tiketi pamoja na wakili kabla ya kutia sahihi hati yoyote, hasa ile inayoletwa wodini ikiwa na hundi ndani yake.